Sukuma Kwanza, Ndipo Uvute

Fundi anayeijua rejeta haifungui ikiwa ya moto. Hufungua boneti, akashika mpira mnene wa juu na kuubinya kwa vidole. Mpira ukiwa mgumu, presha bado imo ndani, naye hurudi kukaa kwenye benchi lake hata kama mteja amemsimamia na funguo mkononi. "Bosi, acha lipoe kwanza," ndilo jibu lote atakalotoa. Mpira ukishalegea na kubonyea, ndipo kifuniko kinapoguswa: anakifunika kwa kitambaa kinene, anazungusha robo, anasikiliza, halafu anazungusha robo nyingine.

Subira hiyo ina hesabu yake. Kwenye vifuniko vya rejeta za Toyota nyingi tunazoziona barabarani kumeandikwa 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha presha ambayo springi ya kifuniko huizuia isitoke. Maji yakifungiwa kwa presha ya 1.1 hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120, na yakichanganywa na kulanti hupanda zaidi ya hapo. Presha hiyo ikiachiwa ghafla wakati maji yana nyuzi 110, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni mwa aliyefungua. Nyanda za juu mambo ni makali zaidi. Dar es Salaam maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 94. Kwa hiyo gari lenye kifuniko kilichochoka laweza kufika Morogoro bila shida, likaja kuchemsha kwenye kona za Mlima Kitonga, na dereva akailaumu injini ilhali ugonjwa uko kwenye kifuniko.

Kazi ninayotaka kuieleza ni ya Volkswagen Golf ya toleo la tano, lile lililoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2003. Ililetwa Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, kama yalivyo magari yetu mengi. Gereji iko Ilala, si mbali na maduka ya spea ya Mtaa wa Shaurimoyo, na ni katika zile ambazo watu huziita gereji bubu: haina kibao wala lifti, ina kivuli cha mti, jeki mbili, na kabati la vyuma ambalo mwenyewe hulifunga kwa kufuli tatu. Nimechagua Golf kwa makusudi. Rejeta ya Toyota ya kawaida fundi wa kati anaibadilisha vizuri tu. Golf ndiyo inayomtenganisha mwenye mikono na mwenye nguvu.

Kwanza anaisoma rejeta kabla haijatoka. Rejeta za siku hizi zina mwili wa alumini na matangi mawili ya plastiki pembeni, nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. Plastiki na alumini haviwezi kulehemiwa pamoja, kwa hiyo kiwandani huweka gasketi ya mpira katikati, kisha hukunja meno madogo ya alumini yakaubana ukingo wa tangi pande zote. Hapo kwenye meno ndipo rejeta nyingi hufia. Plastiki huzeeka kwa joto, gasketi hukakamaa, na kulanti huanza kupenya kidogo kidogo, matone ambayo hukauka kabla hayajafika chini. Mwenye gari anaona maji yanapungua wala haoni tone. Fundi anamulika kwa tochi ya simu, anapitisha ukucha kwenye mstari wa meno, na ukucha unatoka na unga mkavu wa rangi ya waridi. Amepata. Alama nyingine ni kutu ya kahawia ndani ya chupa ya maji, ushahidi kwamba gari limekuwa likijazwa maji ya kisima. Na visima vingi vya Dar es Salaam, mkazi yeyote anajua, maji yake yana chumvi.

Kuitoa rejeta ya Golf ni kazi ya kubomoa uso wa gari. Bampa linatoka, kisha fremu nzima ya mbele inayobeba taa na kufuli ya boneti inavutwa mbele ili mkono upate pa kupita. Kiwanda kina vyuma maalumu vya kuiegemeza fremu hiyo. Huyu fundi anatumia boliti mbili ndefu za milimita 8, anazifunga pale zilipotoka boliti za asili, na fremu inateleza juu yake bila kuanguka wala kukata waya. Kulanti anaikinga kwenye beseni, wala hamwagi mtaroni: ethilini glaikoli ina ladha tamu na ni sumu, paka huilamba, na mtoto pia anaweza.

Sasa tunafika kwenye mipira.

Kwenye Toyota, mpira umevaa mdomo wa rejeta moja kwa moja na kubanwa na klipu ya springi, ile yenye masikio mawili. Unayaminya masikio kwa plaizi, klipu inapanuka, unairudisha nyuma. Mpira wenyewe utakuwa umegandana na mdomo, na hapo watu huchomeka bisibisi kuubandua, wakaupasua mpira au kuukwaruza mdomo, na mkwaruzo huo ukawa njia ya maji. Mwenye kujua hauvuti kabisa mwanzoni. Anauzungusha, kama pete iliyonasa kidoleni, mpaka ngozi ya ndani iachane na mdomo, ndipo unatoka wenyewe. Hata klipu ile ya springi inastahili heshima kuliko inayopewa. Wengi huitupa na kuweka ya kukaza kwa bisibisi kwa sababu inaonekana imara zaidi. Lakini mpira hutanuka ukipata joto na kusinyaa ukipoa, na kwa miaka hupungua unene. Springi huufuata, ikikaza pale unaposinyaa. Ile ya bisibisi hubaki pale ulipoiacha, na asubuhi ya baridi inavuja.

Golf haina klipu hiyo. Mwisho wa mpira wake ni kikombe cha plastiki ngumu kinachouvaa mdomo wa rejeta, na ndani ya kikombe kuna oringi ya kuzuia maji. Mdomo wa rejeta una ukingo uliotuna kuuzunguka. Kwenye mbavu za kikombe kuna nafasi mbili nyembamba, na humo hupita klipu ya waya wa chuma yenye umbo la herufi U, ambayo miguu yake huangukia nyuma ya ukingo na kuushika. Kiwandani ni jambo la sekunde moja: unasukuma, unasikia "ta!", umemaliza. Waliobuni kiungio hiki walimfikiria mtu wa kiwandani, mwenye vitu vipya na safi. Baada ya miaka 15 ya vumbi na matope, oringi imelala na kugandana na plastiki, kulanti iliyokauka imekuwa gundi kati ya kikombe na mdomo, na klipu yenyewe imebanwa, kwa sababu mpira mzito unaning'inia na kuivuta saa zote.

Kijana anayejifunza kazi aliingia kwanza. Alinyanyua klipu kwa ncha ya bisibisi, ikapanda nusu na kukwama. Akaweka mguu kwenye bampa lililokuwa chini, akashika mpira kwa mikono miwili.

"Dogo, acha."

"Fundi, imekataa hii."

"Haijakataa. Umeivuta kabla hujaisukuma."

Kisha fundi akaonyesha, na nilisogea karibu ili nione vidole vyake. Alianza na maji na mswaki wa meno wa zamani, akasugua pale klipu inapoingia mpaka mchanga ukaacha kutoka. Akamimina maji ya moto ya birika polepole juu ya kikombe, ili plastiki na oringi vilainike. Hakupulizia mafuta, ingawa kopo la kulainishia boliti lilikuwa pembeni yake. Mipira ya maji na oringi hizi hutengenezwa kwa aina ya mpira inayostahimili maji ya moto na kulanti kwa miaka mingi, lakini mafuta ya petroli huivimbisha na kuilegeza. Anayeweka grisi leo ili kazi iwe nyepesi anamwachia mwenye gari uvujaji wa miezi ijayo.

Halafu ikaja ile hatua ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kwa kiganja cha kushoto aliusukuma mpira ndani, kuelekea kwenye rejeta. Ulikwenda milimita moja, labda mbili, huwezi kuziona usipokuwa umeinama. Mzigo uliokuwa umeikandamiza miguu ya klipu dhidi ya ukingo ukaondoka. Akiwa bado amesukuma, kidole gumba cha kulia kikainyanyua klipu, na ile iliyokuwa imekataa ikapanda mpaka juu, bila bisibisi. Gumba lilibaki juu yake, kwa sababu waya huu ukiruka unapotelea ndani ya injini. Kisha akaanza kuzungusha kikombe: kulia kidogo, kushoto kidogo, akirudi ndani kila mara badala ya kuvuta. Ukasikika mkwaruzo mfupi wa mpira unaoachana na plastiki. Hapo tu ndipo alipovuta, akikinyoosha kikombe sambamba na mdomo. Ukikivuta kwa pembe kinajibana chenyewe.

Mpira wa chini ulikuwa mgumu kuliko wa juu, kama kawaida yake, maana ndiko uchafu wote hushukia. Maji ya moto mara ya pili hayakusaidia. Nilidhani sasa nguvu itatumika, na kweli ilitumika, ila upande ambao sikuutarajia. Fundi aliangalia vitu viwili vilivyonasana, akauliza ni kipi kinachobaki na kipi kinachokwenda kwa muuza vyuma chakavu. Rejeta mpya ilikuwa mezani tayari. Mpira wa chini haukuwepo dukani. Ukivunjika unaagizwa Dubai, na gari linalala. Na mpira huo umebeba pia kihisi cha joto, kilichoshikwa na klipu yake ndogo ya aina hiyohiyo. Basi akachukua msumeno wa chuma, akaukata mdomo wa rejeta ya zamani nyuma ya kikombe, akautoa mpira na kipande cha mdomo kikiwa bado ndani yake. Mezani, kwenye mwanga, alikikunja kipande hicho kwa ndani na plaizi, kidogo kidogo, mpaka kikaporomoka na kutoka. Kikombe hakikupata hata alama.

Sijui kama kuna kitabu cha gereji kinachoandika hatua hiyo, lakini ndani yake kuna ujuzi wote wa kazi hii. Kuamua kinachofaa kuharibiwa ni ujuzi sawa na kuamua kinachofaa kuhifadhiwa, na mtu hawezi kuamua akiwa ameshakasirika. Ndiyo maana huniuma ninapoona watu wanalipa bei ya spea bila neno, kisha wanakaa nusu saa wakipunguza pesa ya ufundi. Spea iko kwenye boksi, kila mtu anaiona. Zile milimita mbili za kusukuma ndani hazionekani, na pasipo hizo rejeta mpya ingekuwa mapambo.

Rejeta ya zamani ilipotoka niliinyanyua. Ilikuwa nyepesi kuliko ilivyoonekana. Chombo hiki kina historia ndefu. Magari ya kwanza ya Karl Benz yalipoza injini kwa kuyaacha maji yachemke na kuondoka kama mvuke, hivyo dereva alilazimika kuongeza maji kila mara. Wilhelm Maybach ndiye aliyepata jibu lililodumu: kwa Mercedes ya nguvu farasi 35, iliyokamilika mwishoni mwa 1900, alitengeneza rejeta ya mirija midogo 8,070 ya pembe nne, kila mmoja wa milimita 6 kwa 6, hewa ikipita ndani yake na maji yakiizunguka. Maji machache yakatosha injini kubwa. Kwa miongo mingi iliyofuata rejeta zilikuwa za shaba na shaba nyeupe, na mafundi wa rejeta walikuwa watu wa kulehemu: wanaibua matangi, wanapitisha fito kwenye mirija kutoa magadi, wanaziba tundu kwa risasi na bati, rejeta inarudi kazini miaka mingine kumi. Ya alumini na plastiki haitibiki namna hiyo. Wapo wanaopaka gundi kwenye ufa wa plastiki, na inashika mpaka safari ya kwanza ya mbali. Fundi wa leo habadilishi kwa uvivu. Kitu chenyewe kimetengenezwa kibadilishwe. Ujuzi umehama kutoka kwenye moto wa kulehemu ukaingia kwenye viungio.

Rejeta mpya haikufungwa moja kwa moja. Aliilaza kando ya ya zamani, akapima kwa mkono umbali wa midomo, unene, mahali pa miguu ya chini. Mapezi kadhaa yalikuwa yamelala kwenye kona, ajali ya usafirishaji, naye aliyasimamisha moja moja kwa ncha ya bisibisi ndogo, kwa sababu hewa haipiti kwenye pezi lililolala. Raba za kukalia alizihamisha kutoka ya zamani. Kondensa ya AC, ambayo hukaa mbele ya rejeta, hakuifungua gesi yake. Muda wote ilikuwa imening'inizwa kwa kamba ili mabomba yake yasibebe uzito.

Oringi zote mbili ziliwekwa mpya. Watu huziruka kwa kuwa ni ndogo, ilhali ndizo zinazozuia maji. Kikombe na klipu kazi yao ni kushika tu. Alifuta ndani ya kikombe kwa kitambaa mpaka kitambaa kikatoka cheupe, akailowesha oringi kwa kulanti yenyewe, ambayo huteleza vizuri na haiudhuru mpira. Klipu ilirudishwa chini kwenye nafasi zake kabla ya kuunganisha. Akamkabidhi kijana. Kijana akasukuma, ikalia "ta!" kavu. Fundi akamwambia asiuamini mlio, auvute. Akauvuta kwa nguvu zote alizokuwa amekatazwa kuzitumia mwanzoni, na mpira haukusogea. Miguu yote miwili ya klipu ilikuwa imelala sawa ndani ya nafasi zake. Mguu mmoja ukibaki juu, kiungio kitakaa kimya mpaka presha ipande, kisha kitaachia njiani.

Kujaza maji kulikwenda taratibu. Nusu kulanti ya aina inayokubaliana na Volkswagen, nusu maji yaliyokenekwa. Huku kwetu pwani hatuogopi barafu, ila dawa za kuzuia kutu zilizomo kwenye kulanti ndizo zinazoilinda alumini, na maji ya bomba matupu hayana kitu hicho. Hewa ndiyo adui wa hatua hii. Fundi aliweka hita kwenye joto la mwisho, akawasha injini, akawa anaubinya mpira wa juu na kuuachia huku mapovu yakipanda kwenye chupa. Kisha akasubiri themostati. Mpira wa juu ulipata moto mapema, wa chini ukabaki baridi, na mteja akaanza kuwa na wasiwasi. Ndivyo inavyotakiwa: themostati imefunga mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu. Ilipofungua, mpira wa chini ukapata joto ghafla mkononi mwake, kina kwenye chupa kikashuka, akaongeza. Wapo mafundi wanaoing'oa themostati na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto. Siwaungi mkono hata kidogo. Injini isiyofika joto lake inakula mafuta zaidi, na oili yake haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu uliomo.

Feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Fundi akapitisha kidole kikavu chini ya kila kiungio na kukitazama kwenye mwanga, akatandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari, akamwambia mteja aliache lilale hapo.

Asubuhi gari likiwa la baridi, kabla halijawashwa, boksi lilikuwa kavu na kina kimeshuka upana wa kidole, hewa ya mwisho ikiwa imetoka yenyewe usiku. Akaongeza mpaka kati ya alama mbili za chupa. Mchanganyiko uliobaki aliumimina kwenye chupa ya lita moja na nusu, akaiandika kwa kalamu nene, akaiweka kwenye buti na kumwambia mwenye gari kwamba kina kikishuka tena wiki hii aongeze huo, si maji ya bomba, na kikishuka mara ya pili alirudishe gari.